Yule Mwanaume Bega kwa Bega na Mke Wangu

Kuna mwanaume alikuwa akitembea na mke wangu.

Sikuambiwa na mtu. Nilimwona kwa macho yangu haya, jua linawaka, bega kwa bega na mama watoto wangu. Nikikaza mwendo niwafikie, nikifika, yule mwanaume hayupo. Amebaki mke wangu peke yake, ananiuliza mbona nahema.

Msianze kusema majini. Hata mimi nilifika huko, na dada yangu alifika mbali kuliko mimi. Tulieni niwape yote tangu mwanzo.

Mimi ni fundi rangi wa magari.

Gari likigongwa, likinyooshwa, mimi ndiye ninayechanganya rangi ya kupuliza pale palipoumia, mpaka mwenyewe asahau aligongwa wapi. Mafundi wengine wanategemea namba za kiwandani. Mimi nachanganya kwa jicho. Natia tone la hii, natia tone la ile, napaka kwenye kibati, nakitoa juani, nakibandika ubavuni mwa gari. Kikipotea usikione, rangi imekubali.

Kwa hiyo mtu akiniambia sioni vizuri, ajue amenitukana tusi la nguoni.

Kuna mwenzetu mmoja aliwahi kusema mbele ya mteja kwamba rangi yangu haijakaa. Nilimfokea siku nzima, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akahama gereji. Mkumbukeni huyo.

Mke wangu ana duka la nyuzi na vitambaa, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na gereji. Mafundi cherehani wanamletea kipande cha kitambaa, yeye anawatafutia uzi wa rangi ileile. Huniita Fundi hata tukiwa nyumbani. Mimi namwita Mama. Watoto wameshaoa na kuolewa, tumebaki wawili.

Nampenda. Na nikipenda, naona wivu, sijui namna nyingine. Mwanaume akicheka naye dukani zaidi ya shughuli ya uzi, mimi huku ng'ambo nazima bunduki ya kupulizia rangi, namtazama mpaka aondoke.

Na pale gereji yupo Msasa.

Msasa ndiye anayesugua magari kabla mimi sijapuliza, jina likatokea hapo. Mrefu, mabega mapana, sauti ya chinichini. Jioni akivua ovaroli na kunawa, utadhani anakwenda kuoa. Wanawake wakileta magari yao, wanauliza, yule mrefu yupo? Fundi ni mimi, anayeulizwa ni yeye. Haya.

Sasa mambo yenyewe yalianza na raha.

Nilikuwa mtu wa miwani ya kusomea kwa miaka. Asubuhi moja nikaisahau nyumbani. Nikashika kopo la rangi, nikashangaa nasoma maandishi ya chini kabisa, yale madogo ya onyo. Nikapangusa macho, nikasoma tena. Yote yapo, wazi kabisa.

Nikavuka barabara kifua mbele, nikaenda kulisomea duka zima la mke wangu vibandiko vya nyuzi. Jioni nikamkabidhi ile miwani. Nikamwambia ampe babu yeyote mwenye shida nayo, mimi narudi ujanani.

Alicheka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Ni kweli, siku zile taa za magari jioni zilianza kunikera, zinachipua mishale pande zote. Nikawalaumu vijana na hizi taa zao mpya. Ni kweli pia siku moja nilimpungia mkono mteja wa ng'ambo, nikampungia weee, kumbe ni sanamu la kuvalishia nguo. Nani hajawahi?

Mke wangu akaanza wimbo wa twende tukapime macho. Mara ya kwanza nilimtania. Mara ya pili nilichukua kopo nikamsomea maandishi yote, kuanzia onyo mpaka anwani ya kiwanda, neno kwa neno, halafu nikamuuliza kipofu ni nani hapa.

Hakuligusa tena lile jambo.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kumwona Msasa akivuka barabara.

Anavuka, anaingia dukani kwa mke wangu, anakaa kidogo, anarudi. Kesho tena. Nikamuuliza ana shida gani na uzi. Akasema kifungo kimemtoka. Nikamwangalia juu mpaka chini. Ovaroli lake lina zipu.

Nikajikaza, nikajifanya sijaona. Lakini moyoni pakawaka.

Mimi naanza kazi mapema, kwa hiyo naondoka gereji kabla ya Msasa, na mke wangu anafunga duka baada yangu. Jioni moja akarudi nyumbani, akapita karibu yangu kwenda jikoni, nikasikia harufu ya tina, ile dawa ya kuoshea rangi. Harufu hiyo naijua kuliko ya mwili wangu. Ila mimi nilikuwa nimeshaoga.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema alipitia gereji kuniangalia.

Kuniangalia mimi? Wakati aliniona naondoka, akanipungia mkono akiwa mlangoni pa duka lake?

Nililala macho makavu, nikisikiliza anavyopumua usingizi mtamu, roho inaniuma. Mwanamke ana siri na bado anakoroma.

Baada ya siku chache nikapata cha kushika mkononi. Blauzi yake, ile ya rangi ya maziwa, kwenye mkono palikuwa na doa la rangi ya gari. Nikalikwaruza kwa ukucha. Jipya kabisa. Nikalisogeza kwenye taa. Kijani.

Hapo wivu ukanipanda, nitawaambia kwa nini.

Gereji palikuwa na gari moja tu la kijani. Lilikuwa kwenye chumba cha kupulizia rangi, kile chenye mlango na kitasa. Na jioni nikishaondoka, ufunguo anabaki nao Msasa.

Jamani. Mke wangu na Msasa, chumbani, mlango umefungwa. Niliikunja ile blauzi, nikaiingiza chini ya sanduku langu la vifaa.

Na kama hiyo haitoshi, ndipo nikaanza kumwona huyo mwanaume.

Nilikuwa nimesimama kwenye geti letu, jua linashuka mbele yangu, nasubiri mke wangu arudi. Nikamwona anakuja mwisho wa barabara, jua liko mgongoni kwake. Hakuwa peke yake.

Mwanaume amembana ubavuni. Hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi. Wanatembea hatua moja, mguu huu na mguu huu, kama askari wa gwaride. Nguo zao zinafanana. Nikasema moyoni, wameshafikia hatua ya kuvaa sare.

Mke wangu akainua mkono kunipungia. Na yule bwana naye akainua wake.

Ananipungia mimi! Kwenye geti langu!

Nikatoka mbio nusu, mwendo nusu. Uso wa mtu siuoni, jua linanipiga, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba mabega yale ni ya Msasa. Nikafika, nikawa na mke wangu uso kwa uso. Hayupo mtu.

Nikamuuliza yuko wapi. Akauliza nani. Nikamwambia huyo uliyekuwa naye. Akageuka nyuma, akatazama barabara yote, akanirudia mimi.

"Fundi, natembea peke yangu."

Alivyosema kwa upole ndivyo alivyozidi kuniudhi. Pale karibu pana kichochoro, nikajua bwana amejipenyeza huko. Nikakipekua chote. Nilikuta paka na ndoo mbovu.

Akaonekana tena wiki iliyofuata. Na tena. Kila mara ni jioni, kila mara amemganda mke wangu, kila mara nikikaribia anayeyuka.

Nikampelekea habari dada yangu mkubwa, mwanamke asiyefunga mdomo hata akitafuna. Akanisikiliza, akavuta pumzi, akasema mtu anayetoweka hivyo si mtu. Akataka kuniletea wa kunisomea dua.

Nikamwambia sihitaji dua, nahitaji kikao. Nitamweka mke wangu mbele ya ndugu, na Msasa awepo. Ushahidi ninao. Jumapili hiyo mke wangu atarudi kwa kaka yake, na Msasa atatafuta gereji nyingine. Nilikuwa nimeshatoa sanduku la nguo la mke wangu uvunguni, nikaliegesha nyuma ya mlango wa chumbani.

Jumapili wakafika. Dada yangu kwenye kochi, amekaa kama hakimu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa lori, mtu mpole sana, amekaa ukingoni mwa kiti. Msasa nimemwita kwa kumwambia kuna kazi. Kuona nyuso zile akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mkononi. Mke wangu akawapa wote chai. Na mimi akanipa. Sikuigusa.

Nikasimama. Nilieleza vizuri, sijisifu. Nikaeleza kifungo cha ovaroli lenye zipu. Nikaeleza harufu ya tina. Nikaeleza yule mtu wa barabarani. Shemeji alikuwa anatazama sakafu tu.

Halafu nikaitoa blauzi, nikaikunjua mbele yao wote.

"Hili doa ni rangi ya gari. Kijani. Gari la kijani gereji ni moja tu, lipo kwenye chumba cha kufunga, na ufunguo anao huyu hapa. Mke wangu aniambie alikuwa anafanya nini mle ndani."

Nikangoja mke wangu alie. Nikangoja Msasa akimbie. Hakuna aliyetikisika. Dada yangu akanyoosha mkono, akaichukua blauzi, akaigeuza, akamtazama shemeji.

"Umesema rangi gani?"

"Kijani."

"Mdogo wangu, hii ni bluu."

Nikacheka. Nikawaambia kumbe mmeshapangana. Dada yangu mwenyewe, tumbo moja, amenunuliwa.

Shemeji akasema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Ni bluu, shemeji. Bluu ya mbinguni."

Nikampokonya dada blauzi, nikatoka nayo mlangoni, juani, pale ambapo nimepimia rangi maisha yangu yote. Nikalitazama lile doa. Nikalikaza jicho la kulia, nikalikaza la kushoto.

Kijani.

Nikamtazama Msasa, maana hata kama namchukia, rangi anazijua. Alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yanamtoka, mwanaume mzima na mabega yake.

Mke wangu ndiye aliyesema.

"Ni rangi ya gari la mwalimu, Fundi. Ni rangi uliyopuliza wewe mwenyewe."

Gari la mwalimu, mteja wetu mmoja, lilikuwa bluu. Hilo nalijua. Ila nikasimama pale mlangoni nikagundua kitu kibaya sana. Nililiita bluu kwa sababu mwalimu mwenyewe aliliita bluu siku aliyolileta.

Nikakaa palepale kizingitini.

Msasa akaeleza, maneno yanamkwama. Alisema nilichanganya rangi ya mlango wa lile gari, nikaipaka kwenye kibati, nikasema imekubali, nikaondoka kwenda nyumbani nikipiga mluzi. Yeye akakitazama kile kibati ubavuni mwa gari, hakikupotea, ni kama jani juu ya maji. Akataka kunifuata aniambie. Akamkumbuka yule mwenzetu niliyemfokea mpaka akahama. Akaona badala ya kunifuata mimi avuke barabara, amwone mtu pekee anayemjua ambaye kazi yake kutwa ni kutazama rangi.

Tangu siku hiyo, mchana Msasa alikuwa anampelekea mke wangu kibati cha kazi yangu ya siku hiyo. Jioni nikishaondoka, mke wangu anakuja na nyuzi zake. Anazinyoosha ubavuni mwa gari mmoja mmoja mpaka anapata ule unaopotea. Halafu Msasa anaongeza tone, anaongeza tone, mpaka rangi ya kopo langu ifanane na uzi wa mke wangu. Wanafunika kopo. Asubuhi mimi nafika, nafunua, nasema si mnaona, fundi ni fundi, napuliza.

Hakuna gari hata moja lililorudi. Nilidhani ni mimi.

Ningetakiwa kuinama hapo niombe radhi. Wapi. Wivu una kiburi chake. Nilipopata sauti, nilichouliza ni hiki:

"Na yule mwanaume wa barabarani?"

Mke wangu akaichukua blauzi mkononi mwangu, akaikunja.

"Hakuna mwanaume. Nilikuficha rangi, kwa sababu najua rangi ndiyo wewe. Hilo tu ndilo nililokuficha. Hospitali ya macho nimeshakwenda kuuliza, Jumanne wanakusubiri. Ukirudi ukaona bado unataka kuniacha, lile sanduku nimeliona nyuma ya mlango, nitalibeba mwenyewe."

Nikakubali kwenda. Nikamwambia shemeji kabisa, tumalize la macho kwanza, la mwanaume bado liko palepale.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, anaongea harakaharaka. Nilitangulia kumweleza kwamba macho yangu hayana tatizo, siku hizi nasoma bila miwani. Nilidhani nitampa shida.

Akatabasamu. "Hiyo ndiyo dalili yenyewe, mzee wangu."

Akanimulika kwa mashine yake, jicho hili na hili, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wa jicho la kulia amekomaa zaidi. Alisema katikati ya lenzi pamekakamaa, panaupinda mwanga kuliko zamani, ndiyo maana vya karibu nimevipata na vya mbali vimenikimbia. Ule ujana wangu ulikuwa ugonjwa.

Nikamuuliza ugonjwa huo umetoka wapi. Hapo akavuta kiti.

Alisema lenzi ya jicho imejaa protini, zinaitwa kristalini. Zimepangana vizuri, zimebanana, ndiyo maana mwanga unapita kama kwenye kioo. Zile za katikati kabisa nilizaliwa nazo. Ngozi inabadilika, damu inabadilika, hizo hazibadilishwi. Nilizoletwa nazo duniani ndizo nimetumia mpaka leo, kwenye kila rangi niliyowahi kuchanganya.

Miaka ikienda, nyingine zinaharibika, zinalegea, zinataka kushikana ziwe mabonge. Lakini humohumo kuna kristalini ya aina nyingine, kazi yake ni kuzidaka zile zilizolegea na kuzishikilia zisigandane. Inafanya hivyo kimyakimya, mwenye jicho hana habari. Shida ni kwamba nayo haiongezwi. Siku ikielemewa, mabonge yanaanza, lenzi inakuwa ya njano, inakuwa ya kahawia, inakuwa ukungu. Na jicho likiwa limevikwa njano, bluu haipiti sawasawa.

Nikamuuliza kama hakuna dawa ya matone ya kuyayeyusha. Akaniuliza kama nimeshawahi kulirudisha yai la kukaanga liwe bichi, ute wake uonyeshe tena. Akasema dawa ni kuitoa lenzi na kuweka nyingine.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni, mkoba magotini, anasikiliza. Nikamwangalia kidogo, nikaangalia pembeni. Nilikuwa nawaza ile protini inayozishika nyingine.

Lakini msidhani nilikuwa nimepona wivu. Muuguzi wa kiume alimshika mke wangu kiwiko kumwonyesha pa kukaa, nikamuuliza kwani mgonjwa nani hapa.

Wakaanza na jicho la kulia. Halikuuma, niliona taa tu zinacheza kama naangalia kutoka ndani ya maji. Wakanifunga, nikalala hapohapo. Asubuhi daktari akaja kufungua bandeji.

Sijui niwaelezeje.

Ukuta niliodhani ni wa maziwa ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, unaumiza. Nje ya dirisha kulikuwa na anga, na ile anga ilikuwa bluu. Fundi rangi mzima, nilikuwa nimesahau bluu. Nikatazama mikono yangu, nikakuta ni ya mzee. Sikujali. Nililia mpaka daktari akanikataza, alisema nitaharibu kazi yake.

Wakaniambia nikakae kwenye benchi barazani, mke wangu aende dirisha la dawa, ng'ambo ya uwanja wa hospitali.

Nikakaa. Nilikuwa nimetulia, nimefurahi. Nikamwona anatoka kule dirishani na kifuko cha dawa, anakuja, jua la asubuhi liko mgongoni kwake.

Na mwanaume yuko pembeni yake.

Roho ilinipaa. Safari hii amefifia, kama moshi, lakini yupo. Bega kwa bega. Amethubutu kumfuata mpaka hospitalini, mimi na jicho langu bichi!

Nikainuka. Nikahisi chozi linatiririka jicho la kushoto, lile ambalo bado halijafanyiwa. Nikalifunika na kiganja nilipanguse.

Mwanaume akatoweka.

Na mke wangu bado yuko mbali, hajafika hata katikati ya uwanja.

Nikatoa kiganja. Mwanaume karudi. Nikafunika. Hayupo. Nikafunika jicho jipya, nikaacha lile la zamani. Loo, huyo hapo, amekolea, hana hata wasiwasi. Nikafunika la zamani, nikaacha jipya. Mke wangu peke yake.

Wagonjwa wenzangu pale kwenye benchi walianza kusogea mbali nami.

Mke wangu akainua mkono kunipungia. Nikamtazama kwa jicho la zamani, na yule bwana naye akainua mkono. Safari hii sikukimbia. Nikakaza jicho nimtazame vizuri kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amejitanda mtandio wa mke wangu. Ameshika kifuko cha dawa cha mke wangu.

Alikuwa ni yeye. Ni mke wangu mara mbili, mmoja kando ya mwenzake. Daktari alinieleza baadaye kwamba lenzi ikichafuka hivyo inaweza kuugawa mwanga, kitu kimoja ukakiona na kivuli chake pembeni, hasa jua likiwa mbele yako. Kikikaribia, kivuli kinaingia ndani yake. Alisema kama jambo la kawaida tu, anaandika huku anaongea.

Mimi nilikuwa nimemwonea mke wangu wivu na mke wangu. Nilitaka kumfukuza nyumbani kwa sababu ya yeye mwenyewe.

Akafika, akakaa kwenye benchi, akaniuliza nafanya nini na mikono usoni. Nikamwambia namtazama. Nikamweleza yote, nikijikwaa. Hakucheka. Alikichezea kifuko cha dawa.

"Kwa hiyo ungeniacha kwa ajili ya kivuli," akasema.

Nilimshika mkono, akauacha nikaushika, na nilijua ameuacha kwa huruma zaidi kuliko kwa kitu kingine. Lile sanduku nililirudisha uvunguni mwenyewe, siku ileile, yeye amesimama mlangoni ananiangalia.

Lakini kabla hatujaondoka pale kwenye benchi, akafungua mkoba akatoa kitu. Miwani yangu. Daktari alishamwambia kwamba lenzi mpya itanipa vya mbali, vya karibu nitahitaji miwani tena. Lakini hii hakuitafuta kwa sababu ya daktari. Tangu siku niliyomkabidhi, aliiweka kwenye droo ya nyuzi. Hakumpa babu yeyote.

Msasa yuko gereji bado. Nilimwomba radhi mbele ya wote walionisikia nikimsema. Na kwa jicho jipya nimemwona vizuri: mvi tele, meno yamepandana, mabega yenyewe ni ovaroli kubwa. Wanawake wanamuulizia kwa sababu anawajibu kwa adabu. Rangi sasa tunazipima watatu, mke wangu anavuka barabara mchana kweupe na nyuzi zake, na akisema haijakaa, haijakaa.

Msiniulize kama wivu umeisha. Juzi kuna fundi cherehani amecheka naye dukani kwa muda mrefu sana kuhusu uzi mweusi.

Ila nimejifunza hili, na wewe mwenye hasira unayesoma hapa lichukue. Kabla hujamwekea mtu sanduku lake nyuma ya mlango kwa sababu ya ulichokiona, hebu funika jicho moja, halafu funika la pili. Kama kuna mtu anayeonekana kwa jicho moja tu, huyo umemleta wewe.

Jicho langu la kushoto litafanyiwa mwezi ujao. Yule mwanaume amebakiza wiki chache tu nyumbani kwangu.